Ulimwambia Jirani? Vikapu vya Helsinki na Fataki za Harusi

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita hapa Tanga. Mvua ya masika iliwazuia wengi kufika, na tangu siku hiyo simu hazikomi: "Mwalimu, ulisema nini?" Nilisema haya.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, walimu wenzangu, wanangu wa kidato cha tano na cha sita, na nyinyi wavuvi mliotoka dikoni moja kwa moja mkaja hapa na kandambili zenu zimelowa: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo?

Nimepewa mada ya usalama na ushirikiano wa mataifa ya Ulaya. Mwenyekiti alipoitaja nilimwona mzee mmoja akimgeukia mwenzake. Alichonong'ona sikukisikia, ila macho yake niliyasoma: hayo yanatuhusu nini sisi? Mzee wangu, nivumilie. Nitaanza na harusi.

Miaka mingi iliyopita, mtaani kwetu, usiku wa manane, ulilia mshindo. Ukafuata wa pili, kisha ikawa mfululizo. Mke wangu alinivuta hadi chini ya kitanda. Jirani wa kulia alitoka na panga. Jirani wa kushoto alikuwa anawapitisha watoto dirisha la nyuma, mmoja baada ya mwingine, kama magunia. Mlinzi wa dukani alipuliza filimbi mara moja tu akatoka mbio, na asubuhi tulikiokota kiatu chake mtaroni. Kumbe nyumba ya nne wanaoza binti, na mjomba wa bibi harusi kaleta fataki. (Wanangu msicheke, nasema fataki za moto, si wale wanaume wa magari wanaorubuni wanafunzi.)

Mchana tulikwenda kula pilau, tukacheka mpaka machozi. Hakucheka mtu mmoja tu, bibi mzaa mama wa huyo huyo bibi harusi. Alimtazama mkwewe akamuuliza neno moja: "Ulimwambia jirani?"

Lishikeni swali hilo. Ulimwambia jirani? Ulaya imelijibu kwa mikataba, kwa safari za usiku, kwa vikao vilivyochosha watu miaka na miaka. Ilipolijibu vizuri, watu walilala. Ilipoacha kulijibu, mnayaona wenyewe kwenye taarifa ya habari.

Tuende Helsinki, mji mkuu wa Ufini. Ni tarehe 1 Agosti 1975. Vita Baridi haijaisha, Ulaya imekatwa vipande viwili: mashariki wako na Umoja wa Kisovieti, magharibi wako na Marekani ndani ya muungano wa kijeshi wa NATO. Kila upande una makombora ya nyuklia yaliyoelekezwa kwa mwenzake. Na siku hiyo, ndani ya ukumbi mmoja, wamekaa viongozi wa nchi 35. Ulaya nzima isipokuwa Albania iliyosusa, pamoja na Marekani na Kanada.

Kukaa tu kulikuwa kazi. Nani akae mbele? Nani awe karibu na mlango? Ninyi mliowahi kupanga viti vya harusi mnajua kwamba ndoa nyingi huanza kuvunjika hapo. Wakakubaliana kufuata alfabeti ya Kifaransa. Kwa Kifaransa Ujerumani ni Allemagne. Basi Helmut Schmidt wa Ujerumani Magharibi akajikuta jirani yake ni Erich Honecker wa Ujerumani Mashariki, mtu ambaye serikali yake ilijenga ukuta katikati ya Berlin na kuwapiga risasi waliojaribu kuuruka. Baada ya Honecker anakaa Gerald Ford wa Marekani, kisha Bruno Kreisky wa Austria. Ipo picha ya wanne hao wakitia saini, mstari mmoja, kama wanafunzi wa dawati moja.

Sasa nawauliza: walipendana? Hata kidogo. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapoisoma Ulaya. Tunadhani walikaa pamoja kwa sababu walikuwa wamepatana. Hawakuwa wamepatana. Walikaa pamoja kwa sababu walikuwa wanaogopana, na mtu unayemwogopa ni heri umjue anakaa wapi, anakula saa ngapi, na usiku akiwasha taa anafanya nini.

Mazungumzo yenyewe yalianza Novemba 1972 na yakachukua karibu miaka mitatu, mengi yakifanyika Geneva. Na kanuni ilikuwa hii: hakuna kura. Jambo halipiti mpaka kila nchi ikubali. Mnaielewa maana yake? Kisiwa cha Malta, chenye watu wapatao laki tatu, kilikuwa na nguvu ya kusema "hapana" mbele ya Moscow na Washington. Na kilisema. Mkutano unakaribia kwisha, wakubwa wanataka kupanga siku ya sherehe, waziri mkuu wa Malta, Dom Mintoff, akagoma: lazima usalama wa Mediterania nao uandikwe. Wakubwa wakanuna, wakasubiri, na mwisho wakaandika. Mimi napenda sana kisa hiki, nakiri. Si kila siku unaona chombo kidogo kikiifanya meli isubiri bandarini.

Waliyokubaliana waliyagawa katika mafungu, na mafungu hayo wakayaita vikapu. Kikapu cha kwanza kilikuwa cha usalama, cha pili kilikuwa cha biashara, sayansi na mazingira, na cha tatu kilikuwa cha watu: familia zilizotenganishwa na mpaka zionane, magazeti yavuke, mtu aruhusiwe kusafiri. Leonid Brezhnev wa Kisovieti alikuja kwa ajili ya kikapu cha kwanza. Alitaka iandikwe kwamba mipaka iliyotokana na Vita Kuu ya Pili isiguswe kwa nguvu. Akaipata. Akarudi nyumbani amefurahi, na gazeti la Pravda likachapisha azimio zima, neno kwa neno.

Neno kwa neno! Pamoja na kikapu cha tatu! Raia wa kawaida akafungua gazeti la chama akasoma kwamba serikali yake imeahidi kuheshimu uhuru wa dhamiri. Mei 1976 mwanafizikia Yuri Orlov na wenzake wakaunda kundi mjini Moscow la kufuatilia ahadi hizo. Januari 1977 wenzao wa Chekoslovakia wakatoa waraka wao, Mkataba wa 77. Walikamatwa, wakafungwa, wengine wakafukuzwa nchini, lakini karatasi ilikuwa imeshatiwa saini na kila aliyefungwa alikuwa anaishika mkononi akiuliza: hii si saini yenu? Mzee Brezhnev alinunua kikapu kimoja sokoni akasahau kuangalia kilichokuwa kimefungwa pamoja nacho.

Turudi kwenye fataki.

Ndani ya kikapu cha kwanza kulikuwa na kipengele ambacho magazeti ya siku ile hayakukipa nafasi kubwa. Nchi ikitaka kufanya mazoezi ya kijeshi ya askari zaidi ya 25,000, iwaarifu wengine siku 21 kabla. Basi. Haikuambiwa isifanye wala ipunguze, iliambiwa itoe habari tu. Yaani mtume mtoto aende nyumba hadi nyumba: "Baba anasema usiku kutakuwa na fataki."

Je, ilitosha? Haikutosha, na nitawaambia lini walijua kwamba haikutosha. Novemba 1983 NATO ilifanya zoezi lililoitwa Able Archer. Halikuwa la askari wengi porini. Lilikuwa la makamanda kwenye vyumba vya mawasiliano, wakijifunza namna amri ya kurusha silaha za nyuklia inavyopita. Kwao lilikuwa zoezi. Lakini Moscow ilikuwa inasikiliza, na mwaka ule Moscow ilikuwa na hofu kuliko kawaida: Septemba ndege zake za kivita zilikuwa zimeitungua ndege ya abiria ya Korea, na makombora mapya ya Marekani yalikuwa njiani kuingia Ulaya Magharibi. Baadhi ya ndege za Kisovieti zilizokuwa Ujerumani Mashariki na Poland ziliwekwa tayari. Wanahistoria bado wanabishana hatari ilifika wapi. Mimi siwaingilii. Ila mnaweza kumwona jirani wa kulia amesimama kizani na panga mkononi, na ndani ya nyumba ya nne watu wanapiga vigelegele hawana habari.

Januari 1984 wakakutana Stockholm, nchi zile zile 35. Miaka miwili na nusu ya maneno. Siku ya mwisho, tarehe 19 Septemba 1986, muda ukawa unakwisha na hawajamaliza. Walifanya nini? Walisimamisha saa ya ukutani. Kweli kabisa. Saa ikasimama kabla ya usiku wa manane, wakaendelea kubishana mpaka tarehe 22, na kwa mujibu wa saa ile bado ilikuwa tarehe 19. Watu wazima, mabalozi!

Kilichotoka hapo kilikuwa kizito zaidi. Taarifa itolewe siku 42 kabla, na kuanzia askari 13,000. Zoezi likifikia 17,000, waalike waangalizi. Na jambo jipya kabisa: nikikutilia shaka, naweza kuomba kuja kukagua, nawe huna ruhusa ya kukataa, na ndani ya saa 36 wakaguzi wangu wawe wameshaingia nchini mwako. Agosti 1987 maofisa wa Marekani walikwenda karibu na Minsk, ndani ya Umoja wa Kisovieti, wakasimama wakitazama jeshi la adui likifanya mazoezi, kisha wakarudi makwao. Hakuna aliyepigwa risasi. Baba zetu waliokuwa wanasikiliza redio za mkulima siku zile hawangeliamini.

Wanangu, msinielewe vibaya. Sisemi karatasi ilizuia kila kitu. Jumuiya ile ya Helsinki ilikua, ikapata nchi 57, ikaitwa rasmi Shirika la Usalama na Ushirikiano barani Ulaya tangu Januari 1995. Na mwaka huo huo, Julai, Srebrenica, Bosnia, waliuawa wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 8,000, katika eneo ambalo Umoja wa Mataifa ulikuwa umelitangaza kuwa salama. Hilo sitalipamba kwa maneno.

Niwape kisa cha namba. 2017, Urusi na Belarus zilifanya zoezi kubwa liitwalo Zapad, maana yake Magharibi. Kwa kanuni za wakati huo, zilizoandikwa Vienna, ukifikisha askari 13,000 lazima uwaite waangalizi wa kila nchi. Urusi na Belarus zilitangaza askari wangapi? Nani ananiambia? ... Huyo kijana pale nyuma anasema 12,900. Umekaribia mwanangu. 12,700. Majirani walisema waziwazi kwamba hawaamini, kwamba idadi ya kweli ni mara nyingi zaidi. Lakini nawaulizeni nyinyi wafanyabiashara: mtu akiambiwa ushuru unaanza kwenye gunia la kumi na tatu, akaja na magunia kumi na mawili na debe moja, unajisikiaje?

Hivyo ndivyo mambo yanavyooza. Hayaanzi kwa bomu. Yanaanza kwa mtu kutoa taarifa iliyo sahihi kwa herufi na potofu kwa nia. Mkataba wa majeshi ya kawaida wa 1990, uliowekea kikomo silaha zisizo za nyuklia, Urusi ilisimamisha kushiriki 2007. Mkataba wa Anga Wazi, uliowaruhusu kurusha ndege na kupigana picha, Marekani ilijitoa 2020, Urusi ikafuata 2021. Upande huu ukang'oa msumari, upande ule ukang'oa mwingine, paa likabaki limekaa kwa uzito wake tu.

Februari 2022, askari wa Urusi wengi mno wamejikusanya kwenye mipaka ya Ukraine. Ukraine ikafanya vile karatasi inavyosema: ikauliza rasmi, kwa kanuni za Vienna, eleza shughuli hizi zisizo za kawaida. Jibu lilitakiwa ndani ya saa 48. Halikuja. Ukraine ikaitisha kikao. Kiti cha Urusi kikabaki kitupu. Tarehe 24 vita ikaanza. Mwisho wa Machi ule ujumbe mkubwa wa waangalizi wa lile Shirika la Usalama na Ushirikiano, uliokuwa Ukraine tangu 2014 ukihesabu milio ya risasi usiku na mchana, ukaishiwa muda wake, maana nao uliishi kwa kanuni ya kila mtu akubali, na Urusi haikukubali. Ile ile kanuni iliyoipa Malta heshima! Kisu kinachokata vitunguu hakichagui mkono.

Na Ufini, mwenyeji wa mkutano wa 1975, nchi iliyokaa miongo mingi bila kuegemea upande, yenye mpaka wa kilomita 1,340 na Urusi? Tarehe 4 Aprili 2023 iliingia NATO. Uswidi ikafuata Machi 2024, baada ya karne mbili za kutojiunga na muungano wowote wa kivita. Walikuwa wamekaa barazani muda wote huo. Waliposikia mlango wa jirani unavunjwa, wakaingia ndani wakafunga.

Nawaona wavuvi mnasinzia. Sasa ni zamu yenu.

Yupo samaki wa bahari za kaskazini, Wanorwe humwita torsk. Kamusi nyingine humwita chewa, lakini si huyu chewa wetu wa miambani, kwa hiyo mimi nitamwita chewa wa baridi. Chewa wa baridi amewahi kuwagombanisha marafiki, na amewahi kuwashikamanisha maadui.

Marafiki kwanza. Iceland na Uingereza, wote wawili waanzilishi wa NATO mwaka 1949. Iceland haina jeshi, ina boti za walinzi wa pwani tu, na miaka ya sabini watu wake walikuwa laki mbili na ushei. Ikasema: bahari yangu ni maili 50, na 1975 ikasema ni maili 200. Meli za Waingereza kutoka Hull na Grimsby zikaendelea kuja kuvua. Basi boti za Iceland zilikuwa zinavuta chombo chenye makali, zinapita nyuma ya meli ya Mwingereza, zinakata nyaya, na wavu mzima na samaki wake unazama. Uingereza ikaleta manowari. Zikagongana ubavu kwa ubavu, mara nyingi tu. Februari 1976 Iceland ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na ikatishia kambi ya NATO ya Keflavík, ambako nyambizi za Kisovieti zilikuwa zinafuatiliwa. Nani alishinda? Juni 1976 walipatana mjini Oslo, na maili 200 zikabaki za Iceland. Hull na Grimsby zililia, na ajira zilizopotea kule hazikurudi. Sikilizeni hilo pia. Tunapomshangilia mdogo tusisahau kwamba na yule mvuvi wa Hull alikuwa na watoto.

Sasa maadui. Norwe iko NATO. Urusi ni Urusi. Bahari yao ni moja, Barents, na chewa wa baridi hana pasi ya kusafiria: wadogo hukulia sana upande wa mashariki, wakubwa huja kutaga pwani ya Norwe. Ukimmaliza upande wako umemmaliza na upande wa mwenzako. Kwa hiyo tangu miaka ya sabini, katikati ya Vita Baridi, wana tume ya pamoja inayokutana kila mwaka kupanga wavue tani ngapi. Hutenga sehemu ya nchi nyingine, inayobaki wanagawana nusu kwa nusu. Mpaka wenyewe wa bahari waliugombania miaka 40, wakamaliza Murmansk tarehe 15 Septemba 2010. Na baada ya Februari 2022, mikutano mingapi ilivunjika, mabalozi wangapi walifukuzwa! Tume ya chewa haikuvunjika. Kwa mwaka 2025 walikubaliana tani 340,000, wakati huo kikiwa kiwango kidogo kuliko chote tangu 1991, kwa sababu samaki wamepungua.

Na sisi? Si kwamba hatukuisikia Helsinki. Mei 1991 Waafrika walikutana Kampala wakaandika azimio lao la usalama, uthabiti, maendeleo na ushirikiano barani Afrika, na Olusegun Obasanjo wa Nigeria alikuwa mbele katika kuliandaa. Waliiangalia Helsinki wazi kabisa. Ila Wazungu walikuwa na vikapu. Wetu wakasema vyao vitakuwa vibuyu, vinne. Nimelifikiria sana neno hilo. Kikapu ukikijaza maji yanavuja. Kibuyu hakivuji, lakini kikianguka mara moja hakishoneki.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami sina ruhusa ya kuisimamisha kama wale wa Stockholm. Ahsanteni.

Baada ya makofi alisimama mzee mmoja wa dikoni. Naliandika swali lake hapa kwa sababu wengi mmeniulizia. Alisema: "Mwalimu, hao samaki wa Norwe na Urusi, nani anawahesabu? Maana mimi nikihesabu nitahesabu vyangu."

Nikamjibu kwamba wanahesabu wataalamu wa nchi zote mbili, wa Bergen na wa Murmansk. Zamani walipeleka hesabu hiyo kwenye baraza la kimataifa la wataalamu wa bahari. Baraza hilo lilipowasimamisha Warusi mwaka 2022, wale wataalamu wa pande mbili wakaendelea kuhesabu wao kwa wao.

Akanyamaza kidogo, akavaa kofia yake. "Na Vanga, hapo Kenya?" akauliza. "Wale wa Vanga tunapungiana mikono kila asubuhi. Pweza wao na wetu ni mmoja. Mimi sijawahi kuwaambia nimevua wangapi."

Akatoka, mvua ilikuwa imepungua.